Shajara ya mradi: kuvuna seli za endothelia kwenye kitovu na kuziotesha chini ya mtiririko

Shabaha ni kuvuna seli za endothelia (lile tabaka moja la seli linalotandika ndani ya kila mshipa wa damu) kutoka vena ya kitovu (ule uzi unaomuunganisha mtoto na kondo la nyuma), kuziotesha zikiwa safi, kisha kuzipitishia mtiririko wenye nguvu kama ya ateri na kuona zinavyoitikia. Njia ya msingi si ngeni. Eric Jaffe na wenzake waliichapisha mwaka 1973, na tangu hapo vena ya kitovu imekuwa chanzo kikuu cha seli hizi kwa watafiti wa mishipa: ni mshipa mpana, mrefu, hauna matawi, na kwa kawaida hutupwa pamoja na kondo la nyuma. Hatua za kawaida zimefupishwa humu. Nafasi imeachiwa pale kazi inapoharibika, maana itifaki zilizochapishwa huparuka hapo hapo.

13 Januari: kitovu kabla hakijafika maabara

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, pamoja na fomu ya ridhaa. Mama anaisaini mapema, si akiwa katikati ya uchungu. Kila kitovu kinashughulikiwa kama chenye maambukizi hata kama vipimo vya VVU na homa ya ini B ni safi: glavu, miwani, na kazi yote ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia.

Kipande cha sentimita 20 au zaidi kinatumbukizwa kwenye chupa tasa yenye bafa ya fosfeti, penisilini uniti 100 kwa ml na streptomaisini mikrogramu 100 kwa ml. Kinakaa kwenye nyuzijoto 4, si kwenye friza. Kikiganda, seli zimekufa. Kinafanyiwa kazi ndani ya saa 24. Vilivyopitisha muda huo hutoa seli bado, ila chache na zenye kusuasua kushika.

Kilichotuharibia vitovu vya mwanzo ni koleo la kubania. Kila mahali koleo lilipobana, endothelia imepondeka na damu imeganda ndani. Na kila tundu la sindano iliyochota damu ni mahali kimengenyo (kolajenasi, ya kuzibandua seli) kitakapovujia. Dawa yake: kata na kutupa sentimita 1 hadi 2 kila upande wa alama ya koleo au tundu, hata kama unaona uchungu kupunguza urefu. Kisha jaza vena kwa bafa tupu, bana pande zote mbili, na tazama. Kikitokwa jasho popote, kata tena. Ni afadhali sentimita 12 zisizovuja kuliko 25 zinazovuja.

Pia usikikamue kitovu kwa vidole ili kutoa damu. Endothelia ni tabaka la seli moja tu kwa unene, na msuguano mdogo huling'oa. Jambo hili lina historia yake katika fani hii: kwa miaka mingi vipande vya aorta ya sungura vilikuwa vikikaza badala ya kulegea vikipewa asetilikolini, hadi Robert Furchgott na John Zawadzki walipoonyesha mwaka 1980 kwamba endothelia ilikuwa imesuguliwa na kutoka wakati wa maandalizi. Ikiwepo, mshipa unalegea. Kilicholegeza kilikuja kutambuliwa kuwa oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel. Mkono mzito uliificha kazi ya endothelia kwa muda wote huo. Kwenye kitovu mkono huo huo utakupa chupa isiyo na seli.

27 Januari: kolajenasi

Kwa ufupi: futa nje kwa ethanoli 70%, tafuta vena, ingiza kanula (mrija mwembamba) butu, funga kwa uzi. Suuza kwa bafa yenye joto hadi itoke bila wekundu. Sukuma hewa kidogo kuondoa masalia ya bafa. Bana mwisho wa pili, jaza kolajenasi mg 1 kwa ml hadi vena ivimbe kidogo tu, laza kwenye nyuzijoto 37 kwa dakika 10. Mimina kwenye tyubu yenye chakula cha seli chenye seramu, suuza vena kwa ml 30 za bafa ndani ya tyubu hiyo hiyo, zungusha kwenye sentrifuji kwa 250 g (mara 250 ya mvutano wa dunia) dakika 5 hadi 10.

Mavuno ya kwanza yalikuwa sifuri. Siyo machache, sifuri. Kimengenyo kilikuwa kipya, joto sahihi, muda sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kimiminika kilichoyeyushia kolajenasi: bafa ya fosfeti isiyo na kalsiamu. Kolajenasi haifanyi kazi bila kalsiamu. Bafa ya namna hiyo inafaa kusuuzia, lakini kimengenyo kiyeyushwe kwenye bafa ya Hanks yenye kalsiamu na magnesiamu, kisha kichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.2. Kwa sababu hiyo hiyo, EDTA isisogee karibu na hatua hii, kwani hunyakua kalsiamu yote.

Tatizo la pili lilikuja baada ya kufungua kopo jipya. Kolajenasi ya madukani si kimengenyo kimoja. Ni mchanganyiko kutoka bakteria Clostridium histolyticum, na kila toleo la kiwandani lina nguvu yake na kiasi chake cha vimengenyo vingine vya kukata protini. Dakika 10 za kopo la zamani zilikuwa dakika 10 nyingi mno kwa kopo jipya. Siku hizi tunaomba sampuli ndogo za matoleo mawili au matatu, tunakata kitovu kimoja vipande vinavyolingana, na kujaribu kila toleo kwenye kipande chake. Toleo linaloshinda linanunuliwa la kutosha mradi mzima. Kitovu cha kawaida kinakula ml 10 hadi 20, yaani mg 10 hadi 20 za unga, hivyo gharama ya kimengenyo ni ndogo. Kinachouma ni vitovu vinavyoliwa na majaribio. Kilichoyeyushwa kinagawanywa kwenye tyubu ndogo za matumizi ya mara moja na kugandishwa kwenye -20, kikiyeyuka hakirudishwi.

10 Februari: zimeshika

Chupa ya sm² 25 kwa kitovu kimoja, imepakwa jelatini 1% kwa dakika 30 kwenye nyuzijoto 37. Chakula ni M199 yenye seramu ya ndama 20%, glutamini milimola 2, heparini mikrogramu 100 kwa ml na nyongeza ya ukuaji wa endothelia mikrogramu 50 kwa ml. Usiache heparini ukidhani ni ya kuzuia damu kuganda tu. Nyongeza ile inafanya kazi kupitia kichochezi cha ukuaji ambacho heparini hukilinda kisiharibike. Bila hiyo unamwaga nyongeza bure.

Siku ya kwanza chupa inaonekana kama imejaa damu, na karibu kila anayeanza anataka kuitupa. Chembe nyekundu hazishiki. Baada ya usiku mmoja suuza mara mbili, badilisha chakula, utaona visiwa vidogo vya seli 10 hadi 50 vilivyong'ang'ania chini. Visiwa hivyo ni dalili njema: endothelia hutoka kwa vipande vya tabaka, si seli mojamoja.

24 Februari: misuli laini ndani ya chupa

Hapa ndipo kazi nyingi za seli hizi huharibika bila mwenyewe kujua.

Endothelia safi ikijaza chupa inakuwa kama sakafu ya mawe yaliyopangwa: seli za pembe nyingi, zinazolingana, zimegusana bila kupandana. Katika baadhi ya chupa zetu yalionekana mapengo yenye seli ndefu, nyembamba, zilizolala sambamba, na sehemu nyingine zikipandana. Hizo ni seli za misuli laini na fibroblasti. Mwanzoni zilikuwa wachache pembeni. Baada ya kuhamishiwa chupa mpya mara mbili zikawa ndizo wenyeji, maana hazihitaji nyongeza ghali kama endothelia wala hazisimami zikigusana.

Zinaingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni kimengenyo kukaa muda mrefu: kikishamaliza utando wa chini ya endothelia kinaanza kufungua tabaka la misuli. Ya pili ni kukanda kitovu kwa nguvu mwishoni ili "kupata seli zaidi". Kweli zinapatikana zaidi, ila si zile unazotafuta. Ya tatu ni aibu kidogo lakini hutokea: kanula imeingia kwenye ateri. Kitovu kina ateri mbili na vena moja. Ateri ina ukuta mnene, tundu dogo lililojikunja, na inatokeza kidogo juu ya uso uliokatwa. Vena ina ukuta mwembamba na tundu pana linalolala chapati. Kanula ikigoma kuingia na ukalazimika kuisukuma, huenda uko kwenye ateri. Ichomoe.

Marekebisho yaliyobaki kwenye itifaki: dakika 10 zikihesabiwa kwa saa ya kengele, si kwa kukisia, seramu iwe tayari ndani ya tyubu ya kupokelea, kwa sababu inakizima kimengenyo papo hapo, kukanda ni kubingirisha kitovu kwa kiganja mara chache tu. Mavuno yalipungua. Usafi ulipanda, na huo ndio biashara yenyewe.

Usafi haupimwi kwa jicho. Kila kitovu, kwenye pasaji ya 1 (pasaji ni kila mara seli zinapohamishiwa chupa mpya), tunapanda visahani viwili na kuvipaka kingamwili: kimoja cha CD31 (protini ya endothelia), kingine cha aktini alfa ya misuli laini. CD31 inatakiwa ing'ae kwenye mipaka ya seli kama wavu. Ikiwa imetapakaa ndani ya seli bila mpaka, ama seli hazijajaa sahani, ama hatua ya kutoboa utando imezidi. Faktari ya von Willebrand, protini ya kusaidia damu kuganda, ni kipimo kizuri cha tatu, na ukikuza picha utaiona kama vijiti vidogo ndani ya saitoplazimu. Hivyo ni vijiti vya Weibel na Palade, vilivyoelezwa mwaka 1964, na hakuna seli nyingine ya ukuta wa mshipa iliyo navyo. Kitovu chenye aktini alfa inayoonekana kwa urahisi kinatupwa. Tulijaribu kukiokoa kwa kuziondoa fibroblasti kwa tripsini (kimengenyo cha kukata protini) ya muda mfupi; zilipungua, hazikuisha, na wiki mbili baadaye hali ilirudi kulekule.

10 Machi: ukungu

Kitovu hupita njia isiyo tasa, kwa hiyo ukungu ukitokea ndani ya siku tatu za mwanzo chanzo mara nyingi ni kitovu chenyewe, si kabati. Amfoterisini B mikrogramu 2.5 kwa ml, kwa pasaji ya kwanza peke yake. Tusiiendeleze, inazilemea seli. Maikoplasma (bakteria wadogo sana) inapimwa kwa PCR kabla ya kugandisha kitu chochote.

24 Machi: kuhamisha na kugandisha

Tripsini 0.05% yenye EDTA, dakika 1 hadi 2, ukizitazama kwa darubini. Zikianza kuwa mviringo, gonga chupa, mimina seramu. Ukizisubiri zielee zenyewe umechelewa. Gawanya 1 kwa 3. Ukigawanya 1 kwa 6 zinakaa mbali mno moja na nyingine, zinanyauka na kuzeeka kabla ya wakati. Tunazigandisha kwenye pasaji ya 1 au 2, milioni moja kwa tyubu, kwenye seramu yenye DMSO 10% (inayokinga seli zisiharibiwe na barafu), joto likishuka nyuzi 1 kwa dakika hadi -80, kisha nitrojeni ya kimiminika. Majaribio yote yanafanywa kati ya pasaji ya 2 na 5. Baada ya hapo seli zinatanuka, zinajaa vakuoli, na kimengenyo kinachotengeneza oksidi ya nitriki kinapungua.

14 Aprili: chumba cha mtiririko, hesabu

Chumba ni rahisi: bamba la akriliki juu, kioo chenye seli chini, katikati gasketi ya silikoni iliyokatwa mfereji wa upana wa mm 10 na urefu wa mm 50. Unene wa gasketi ndio kimo cha mfereji, kwetu mm 0.25. Mkazo wa msuguano, yaani nguvu ambayo kimiminika kinaiburuza kwenye uso wa seli kwa kila eneo, unapatikana hivi:

τ = 6μQ / (w·h²)

μ ni mnato, Q ni mtiririko, w ni upana, h ni kimo. Tunataka 1.5 Pa (paskali), kiwango cha kawaida cha ateri zilizonyooka. Kwa mnato wa 0.0007 Pa·s, Q inatoka takriban ml 13.4 kwa dakika. Nambari ya Reynolds haifiki 100, kwa hiyo mtiririko ni tulivu bila vurugu.

Hesabu ya kwanza ilitoa ml 9.4. Ilitumia mnato wa maji kwenye joto la chumba, 0.001 Pa·s. Chakula cha seli kwenye nyuzijoto 37 ni chepesi zaidi, karibu 0.0007. Tungeiacha hivyo, seli zingepata takriban 1.05 Pa huku daftari likisema 1.5.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi na halionekani kwenye karatasi. Silikoni inabanwa. Gasketi ya mm 0.25 ikikazwa skrubu sana inashuka hata mm 0.20, na kwa kuwa kimo kimepigwa kipeo cha pili, mkazo unapanda kwa karibu 56%: 1.5 inakuwa 2.3 Pa. Mtu wa mkono mzito na mtu wa mkono mwepesi wanafanya majaribio mawili tofauti kwa chumba kimoja. Basi tumeacha kuamini unene ulioandikwa kwenye pakiti. Kimo kinapimwa chumba kikiwa kimeshakazwa na kujazwa maji: doa la wino upande wa ndani wa kioo, doa jingine upande wa ndani wa akriliki, darubini yenye lenzi kavu ya mara 10. Lenga doa la chini, soma skrubu ndogo ya fokasi, lenga la juu, soma tena. Tofauti izidishwe kwa 1.33, kwa sababu mwanga unapinda kutoka majini kwenda hewani. Ukisahau kuzidisha, mfereji wa 0.25 utausoma kama 0.19. Mwisho tumeweka vikomo vya chuma kando ya gasketi ili skrubu zikazwe hadi chuma kigusane, basi. Tangu hapo kimo hakibadiliki kwa anayekaza.

28 Aprili: viputo

Kiputo kimoja cha hewa kikipita juu ya seli kinaacha njia nyeupe nyuma yake. Mpaka wa hewa na maji unang'oa seli kuliko mtiririko wowote tunaotumia. Viputo vilikuwa vinazaliwa ndani ya inkubeta kwenyewe: chakula kilitoka friji ya nyuzi 4 kikiwa kimebeba hewa nyingi iliyoyeyuka, kikapata joto, hewa ikajitenga ndani ya mipira. Sasa chakula kinalala ndani ya inkubeta usiku mzima, kifuniko kikiwa kimelegezwa, kabla ya kuingizwa. Mfumo unajazwa kutoka chini kwenda juu, chumba kikiwa kimesimamishwa wima, na kabla ya chumba kuna mtego: chupa ndogo iliyojaa nusu, inayoingizia juu na kutolea chini. Hewa iliyobaki juu ya mtego inasaidia pia kulainisha mapigo ya pampu, maana roli za pampu ya kukamua mpira hazitoi mtiririko laini.

Kung'oka kwa seli bila viputo ni tatizo jingine. Jelatini kwenye kioo haikutosha. Fibronektini (protini ya kunatisha seli) mikrogramu 2 hadi 5 kwa sm², saa moja, ilitosha. Seli zipandwe siku mbili kabla ili zijaze kioo na kufungana. Zilizopandwa jana yake zinabanduka kwa mashuka. Na mtiririko usiwashwe moja kwa moja: 0.2 Pa kwa saa moja, 0.5, 1.0, kisha 1.5.

19 Mei: matokeo ya kwanza

Baada ya saa 24 kwenye 1.5 Pa nyingi zimerefuka na kujipanga kuelekea mtiririko. Saa 48, karibu zote. Hilo limejulikana tangu Dewey, Gimbrone, Davies na wenzao walipolionyesha mwaka 1981 kwa seli za aorta ya ng'ombe, kwa hiyo kwetu si ugunduzi, ni ukaguzi wa mtambo. Mahali seli hazikujipanga palikuwa kwenye mm chache karibu na tundu la kuingilia, ambapo mtiririko haujatulia. Eneo hilo halipigwi picha.

Kipimo cha oksidi ya nitriki kwa njia ya Griess kimeshindwa. Njia hiyo hupima nitriti, ambayo oksidi ya nitriki hugeuka kuwa, na inahitaji mikromola 1 au zaidi, na seli za kitovu kwenye kioo kimoja, ndani ya ml 40 zinazozunguka, hazifikishi. Kupunguza ujazo hadi ml 15 hakukusaidia vya kutosha. Kubadili nitrati kuwa nitriti kwanza ni mtego mwingine, hasa ukitumia chakula cha RPMI 1640 ambacho ina nitrati ya kalsiamu tangu kiwandani: utapima chakula, si seli. Tumehamia kwenye kupima fosfeti iliyoongezwa kwenye serini 1177 (asidi amino) ya kimengenyo kinachotengeneza oksidi ya nitriki. Inapanda dakika chache baada ya mtiririko kuanza, kwa hiyo chumba kifunguliwe na seli zivunjwe kwa bafa baridi yenye vizuizi vya fosfatasi (vimengenyo vinavyoondoa fosfeti) haraka iwezekanavyo. Ukizunguka kutafuta bisibisi, ishara imeshashuka. Kwa mtiririko wa saa 24 tunapima mRNA ya KLF2, jeni ambalo mtiririko huliamsha. Isipopanda, kagua mtambo kabla ya kulaumu seli.

9 Juni: mpira wa pampu

Kipande cha mpira kinachokamuliwa na roli kinachoka, na Q inashuka huku skrini ya pampu ikionyesha namba ileile. Q inapimwa kwa silinda na saa kabla na baada ya kila jaribio, kipande hicho kinabadilishwa kila jaribio la saa 48, na kinasogezwa sm 5 katikati ya jaribio.

Linganisho lisilo na mtiririko linapandwa kwenye kioo kilekile chenye fibronektini, chakula kilekile kutoka chupa ileile, ndani ya inkubeta ileile. Visahani vya plastiki si linganisho.

Kuhusu hesabu ya sampuli: kitovu kimoja ni mtoaji mmoja. Vioo sita vya kitovu kimoja bado ni n = 1. Vitovu hutofautiana sana, na jinsia ya mtoto ni mojawapo ya tofauti hizo, kwa hiyo inaandikwa kwenye lebo ya kila tyubu. Kuchanganya seli za vitovu kadhaa kunatumika kwa kurekebisha mtambo peke yake; kwa takwimu, kila kitovu kinapita kwenye chumba kivyake, na linganisho lake pembeni.